Matangazo Yasiyokoma Kwenye Laptopu ya Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

"Kirusi kimeingia."

Hii ndiyo kauli ya kwanza pale matangazo ya kamari na ya ngono yanapoanza kuchomoza kwenye kona ya skrini, tena mbele ya watoto. Mara nyingi hakuna kirusi. Hakuna hata programu iliyoingia. Ni arifa za kivinjari. Tovuti nyingi za kushusha filamu na kuangalia mpira bure huleta kisanduku kinachokuambia ubofye "Ruhusu" ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukibofya, umeipa tovuti hiyo kibali cha kukutumia ujumbe hata baada ya kuifunga. Antivirusi ikikagua diski nzima haitakuta kitu, maana hakuna faili la kukuta, kuna kibali tu.

Fungua mipangilio ya Chrome, nenda Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Usiyoitambua iondoe. Edge nayo ina sehemu kama hiyo. Na lile tangazo linalodai kwamba leseni ya antivirusi imeisha, ulipie sasa hivi, usiliguse kabisa.

"Nimeshaiondoa programu ya matangazo kwenye orodha ya programu, imekwisha."

Kama ingekuwa hivyo, isingerudi kesho yake. Waliotengeneza programu sugu za matangazo wanajua kwamba utaanzia kwenye orodha hiyo, kwa hiyo wanaacha vitu sehemu nyingine.

Anza na ikoni ya kivinjari unayobofya kila siku. Ibofye kulia, chagua Properties, usome mstari wa Target hadi mwisho. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa baada ya chrome.exe, hiyo ndiyo inayokufungulia ukurasa usioutaka kila unapowasha kivinjari. Futa anwani hiyo tu, au tupa ikoni uitengeneze upya. Kisha fungua Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoendesha kazi zilizopangwa, uangalie kama kuna kazi iliyopangwa kufungua kivinjari au kuendesha faili lenye jina lisiloeleweka. Angalia pia mipangilio ya proksi, yaani kituo cha kati ambacho intaneti yako hupitia, kwani baadhi ya programu hizi hupitisha intaneti yako yote kwao, na zikiondolewa vibaya intaneti hukatika kabisa.

Kuna jambo moja linalowakatisha watu tamaa: kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kisichokubali kufutwa, na Chrome inaandika kwamba kivinjari chako kinasimamiwa na shirika lako. Laptopu ni yako ya nyumbani, haina shirika. Antivirusi zenyewe huweza kusababisha maneno hayo kuonekana, kwa hiyo usikurupuke. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani. Ukiona ExtensionInstallForcelist na hujui iliwekwa na nani, umempata mhusika: imeandikwa kwenye rejista ya Windows, mahali inapohifadhi mipangilio yake, ili kiendelezi kirudi kila unapokitoa. Hapo tumia AdwCleaner, programu ya kusafisha programu za matangazo, ambayo ni ya bure na haihitaji hata kusakinishwa. Ishushe kwenye tovuti ya Malwarebytes wenyewe, si kwingine.

"Dawa ni kupiga Windows upya."

Hapa ndipo watu wanapopoteza picha za familia na hela bila sababu. Kupiga Windows huondoa kilichomo kwenye diski, ni kweli. Lakini ukiingia tena kwenye Chrome kwa akaunti yako ya Google na usawazishaji umewashwa, viendelezi vyako vyote hurudi, na kile kibaya kimo humohumo. Kabla hujampelekea fundi, kiondoe kiendelezi hicho kwenye akaunti na urejeshe mipangilio ya kivinjari.

Shida ya pili ni flashi ambayo fundi anaitumia kuweka Windows. Fundi akipiga Windows isiyo na leseni, kisha akazima Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ili kifungua leseni (programu inayoidanganya Windows kwamba ina leseni) kifanye kazi, amekurudishia laptopu iliyo wazi kuliko alivyoipokea. Mwulize kabla hajaanza: Windows hii ina leseni? Defender itabaki imewashwa? Fundi mzuri hatakasirika.

"Antivirusi mbili ni bora kuliko moja."

Mbili zinazolinda muda wote hugombana na kuifanya mashine kuwa nzito. Baki na moja. Kama ni Defender, hakikisha sehemu yake ya kuzuia programu zisizotakiwa imewashwa.

"Ni usumbufu tu, hayana madhara. Na laptopu mpya ya boksi haina hayo."

Kuanzia Septemba 2014, Lenovo iliuza baadhi ya laptopu zake zikiwa tayari na programu ya matangazo iliyotengenezwa na kampuni ya Superfish. Ili kuingiza matangazo hata kwenye kurasa salama, programu hiyo iliweka cheti chake cha usalama, kinachokiambia kivinjari tovuti ipi ni ya kweli, ndani ya Windows, kwa hiyo kivinjari kiliamini chochote ilichokiletea, hata kwenye ukurasa wa benki. Ufunguo wa cheti ulikuwa uleule kwenye mashine zote. Februari 2015 mtafiti Robert Graham aliutoa ufunguo huo na kuvunja nywila iliyoulinda. Ilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza sehemu hiyo ya programu. Tangu hapo, aliyeko kwenye Wi-Fi moja na wewe mgahawani angeweza kujifanya benki yako.

Ukiiondoa programu, cheti kilibaki. Ilibidi Microsoft isasishe Defender ili iondoe vyote viwili.

Kwa hiyo ukikuta programu ya aina hii kwenye mashine uliyokuwa unaingilia benki au barua pepe, isafishe kwanza, kisha badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe, maana kwa hiyo ndiyo nywila nyingine nyingi hubadilishwa.