Utando wa grafini: maana ya kuuotesha na kuuhamisha

Grafini ni kaboni iliyolala kwa tabaka moja tu la atomu, kila atomu ikishikana na jirani zake watatu na kufanya wavu wa pembe sita. Unene wake ni kama nanomita 0.34. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, waliibandua kutoka kwenye grafiti kwa selotepu, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Grafini ya selotepu ni safi sana, ila hutoka vipande vidogo vya kutazamwa kwa hadubini, na kila kimoja lazima kitafutwe. Anayetaka kufunika kioo kizima au bamba zima la silikoni hana budi kuiotesha. Grafini ya namna hiyo, iliyotanda mfululizo juu ya eneo kubwa, ndiyo huitwa utando.

Njia iliyoenea zaidi hutumia karatasi ya shaba, ambayo mara nyingi huwa na unene wa mikromita 25. Huingizwa kwenye bomba la kwatzi ndani ya tanuri na kupashwa moto hadi karibu nyuzi 1000 za Selsiasi. Hapo ni pembeni kabisa mwa hatari, maana shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Kwanza hupitishwa gesi ya haidrojeni, iondoe kutu iliyo juu ya shaba, kisha methani. Methani ikigusa shaba iliyo moto huvunjika: haidrojeni yake huondoka, kaboni hubaki ikitangatanga juu ya uso hadi ikutane na kaboni nyingine. Huanza mbegu, mbegu huwa visiwa, visiwa hupanuka mpaka vikagusana.

Kwa nini shaba? Kwa sababu kaboni haiyeyuki ndani yake ila kidogo mno. Kazi yote hufanyika juu ya uso, na uso ukishafunikwa methani haina tena shaba tupu ya kuivunja, hivyo ukuaji karibu unajisimamisha wenyewe kwenye tabaka moja. Nikeli ni tofauti: ikiwa moto hunywa kaboni, ikipoa huitapika, na utando hutoka na mabaka, huku tabaka moja, kule kadhaa. Mwaka 2009 kundi la Rodney Ruoff, Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, lilionyesha kwamba shaba hutoa utando mkubwa ulio karibu wote wa tabaka moja, na tangu hapo maabara nyingi zikahamia huko.

Kufunika shaba yote bado si ubora. Kila kisiwa kina mwelekeo wake, na visiwa visivyolingana vikikutana hubaki mshono ambapo elektroni hukwama na utando huwa dhaifu. Dawa ya kwanza ni kupunguza mbegu, kwa kulainisha shaba na kupitisha methani kidogo kidogo. Dawa ya pili, ambayo mimi naiona ya maana zaidi, ni kutumia shaba iliyo fuwele moja, yaani ambayo atomu zake zote zimejipanga kwa mwelekeo mmoja, ili visiwa vyote vielekee upande mmoja na viungane bila mshono. Linabaki tatizo la kupoa: shaba husinyaa, grafini haisinyai nayo, basi hujikunja. Mwaka 2021 kundi la Ruoff, safari hii likiwa Ulsan, Korea Kusini, lilipata utando wa fuwele moja usio na mikunjo kwa kuotesha kwenye joto la chini, kati ya Kelvini 1000 na 1030 (karibu nyuzi 727 hadi 757 za Selsiasi), juu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Sasa uhamishaji, na kwa maoni yangu hapa ndipo mazuri mengi ya tanuri hupotea. Huwezi kuiacha grafini juu ya shaba ukatengeneza transista, kwa kuwa umeme utapita kwenye shaba. Basi juu ya grafini hupakwa polima nyembamba iitwayo PMMA, ambayo ndiyo plastiki ya pleksiglasi, iishikilie. Grafini iliyoota upande wa chini wa shaba huondolewa. Kisha kipande huwekwa kielee juu ya maji ya kloridi ya chuma au ya persalfeti ya amonia, na shaba huliwa yote. Kinachobaki huelea kama utando wa maziwa yaliyochemka, na huchotwa vivyo hivyo kwa uangalifu: huhamishiwa kwenye maji safi mara kadhaa, kisha huopolewa kwa bamba la silikoni. Kikikauka, polima huondolewa kwa asetoni.

Polima haiondoki yote. Maji yaliyonaswa chini huacha mikunjo na nyufa, na ayoni za chuma zikibaki hubadilisha tabia ya umeme. Ndiyo maana wengine huacha kuila shaba na kutumia umeme kuzalisha mapovu ya haidrojeni kati ya shaba na grafini. Mapovu huibandua, na shaba hutumika tena. Kwa maeneo makubwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan na Samsung walionyesha mwaka 2010 utando wa inchi 30 uliohamishwa kwa rola, kwa kutumia utepe unaoachia gundi ukipashwa moto.

Ukaguzi hufanywa kwa leza, kwa njia ya Raman: mwanga uliotawanywa na utando huchorwa kama grafu yenye vilele, na mahali pa kila kilele hutajwa kwa namba (kipimo chake ni cm⁻¹). Kilele cha karibu 2700 kikiwa kirefu na chembamba kuliko kile cha 1580, ni dalili ya tabaka moja. Kilele cha 1350 kikijitokeza, wavu una kasoro. Mabaki ya polima yanaweza yasionekane hapo, kwa hiyo uso hupapaswa pia kwa hadubini ya ncha, na mwishoni hupimwa elektroni zinapita kwa wepesi gani.