Jengo linazeeka, na aliyemo naye anazeeka

Kazi yangu ni kukagua majengo ya zamani, na kila nikiitwa naoneshwa nyufa. Mwenye jengo ananivuta mkono mpaka ukutani, fundi angalia hapa, angalia na hapa, na mara nyingi ule ufa ni wa plasta tu, hauna neno. Mpaka hapo tumeshapanda ngazi sitini na kitu bila lifti, na chuma cha kushikia kiliishia ngazi tatu kabla ya juu, ila hilo hakuna aliyeliona.

Sisemi nyufa ni za kupuuza. Nondo haipati kutu ikiwa ndani ya zege zima kwa sababu saruji ina ualkali mkali, ila hewa ukaa inapenya taratibu miaka na miaka inaumaliza, maji yakifika ndo kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwa hiyo zege linapasuka kutokea ndani. Ukiona ufa umenyooka kufuata nondo alafu una madoa ya kahawia, niite kabla hujapaka rangi.

Sasa ngazi. Urusi ya Kisovieti ilijenga maghorofa ya sakafu tano kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, bila lifti, maana kanuni hazikuilazimisha kwa jengo lisilozidi sakafu tano. Waliohamia na watoto wachanga, hao watoto wenyewe leo ni wazee! Singapore lifti zilikuwepo ila kwenye majengo mengi ya zamani zilisimama sakafu chache tu, ndo mwaka 2001 wakaanza mpango wa kuzifanya zisimame kila sakafu.

Lakini kwangu mimi bafu ndo balaa. Nilikuta bibi mmoja anavuka kizingiti cha bafu cha sentimita 15 kwa kushikilia sinki, na sinki lenyewe linacheza. Watu wanasema si uweke mteremko, haya piga hesabu: mteremko wa kiti cha magurudumu unataka sentimita 12 za urefu kwa kila moja ya kupanda, yaani mita 1.8, utauweka wapi kwenye kile kikorido? Inabidi uvunje kizingiti na ushushe sakafu, na chini ya sakafu kuna mabomba.

Na hapo ndo huwa nagombana na wenye majengo. Mabomba ya chuma ya zamani yanaziba kwa kutu, siku moja utayabadilisha tu, na siku hiyo bafu lote liko wazi, kwahiyo shusha sakafu hapohapo, panua mlango ufike sentimita 80 hivi, alafu kabla ya vigae pachika ubao mgumu ukutani pale mkono unapofikia karibu na choo, wa kuja kufungia chuma cha kushikia. Hata kama mpangaji wa sasa ni kijana. Chuma cha kushikia kilichofungwa kwenye kigae peke yake kinang'oka siku mtu anapoteleza na kukining'inia na uzito wake wote.