Atomi zilezile, ukinzani tofauti: fuwele zinafanya nini kwenye tando angavu zinazopitisha umeme

Kwenye skrini ya simu yako kuna utando ambao huuoni, mara nyingi haufiki hata nanomita 200 kwa unene, unapitisha mwanga na papo hapo unapitisha umeme. Unaotumika sana ni oksidi ya indiamu iliyotiwa bati, sisi wa maabara tunaiita ITO tu, na kwa kawaida uzito wake ni asilimia 90 oksidi ya indiamu na 10 oksidi ya bati. Sasa swali tunaloulizwa kila mara ni hili: mbona tando mbili zimetoka kwenye mashine moja, mchanganyiko uleule, halafu moja ina ukinzani mara tatu ya mwenzake? Jibu watu wanalo tayari, "fuwele", yaani atomi zimejipanga vizuri au zimekaa shaghalabaghala. Ni kweli, ila nusu tu.

Tuangalie inavyokuwa. Ndani ya chemba isiyo na hewa ioni za agoni zinagonga bamba la ITO, atomi zinaruka na kutua juu ya kioo. Kioo kikiwa baridi, atomi zinaganda zilipoangukia, hazipati nafasi ya kujipanga. Utando unatoka na rangi ya kahawia kidogo hasa kama oksijeni ilikuwa haba, na ukiupiga eksrei grafu inaonyesha kilima kipana tu, hakuna ncha ya kuonyesha kwamba atomi zimejipanga. Upashe moto, kuanzia nyuzi 150 za Selsiasi hivi unaanza kujipanga, ukifika 200 ile kahawia imepungua na kwenye eksrei imechomoza ncha nyembamba karibu na pembe ya digrii 30.6. Ukinzani nao umeshuka, mfano kutoka 6×10⁻⁴ hadi 2×10⁻⁴ ohmu-sentimita.

Kwanini umeshuka? Wengi wanakimbilia kusema mipaka kati ya chembe za fuwele imepungua kwahiyo elektroni hazikwami. Kwa ITO hiyo siyo sababu kubwa. Elektroni humo inasafiri nanomita chache mpaka kama kumi kabla haijagonga kitu, wakati chembe zenyewe mara nyingi ni kubwa kuliko hapo, so inagonga vitu vingine mara kadhaa kabla hata haijauona mpaka. Faida kubwa iko kwenye bati. Indiamu inatoa elektroni tatu, bati nne, kwahiyo atomi ya bati ikikaa kwenye kiti cha indiamu ndani ya fuwele ile moja ya ziada inakuwa huru. Utando usipojipanga, bati lipo ila sehemu kubwa halitoi kitu, na elektroni nyingi huru zinatokana na nafasi za oksijeni zilizobaki wazi. Ndo maana pia ukiupasha kupita kiasi kwenye hewa ya kawaida ukinzani unaweza kupanda tena, oksijeni inaziba zile nafasi, fuwele nzuri lakini elektroni zimepungua!

Na kuongeza bati bila mpaka hakusaidii, kila bati linalotoa elektroni linabaki na chaji inayozipindisha elektroni zinazopita, na likizidi linashikana na oksijeni na kuacha kutoa.

Nguvu ya mpangilio wenyewe inaonekana wazi zaidi kwenye oksidi ya titani iliyotiwa niobi. Ikijipanga kwa umbo la anatase inapitisha umeme vizuri kiasi cha kukaribia ITO, atomi hizohizo zikijipanga kwa umbo la rutile inakuwa mbovu zaidi kwa mbali. Kwenye oksidi ya zinki yenye alumini ndo ile mipaka ya chembe inauma kweli, utando ukiwa mwembamba sana chembe ni ndogo na hazijaelekea upande mmoja, ukinzani unakuwa juu.

Halafu kuna kitu kinawashangaza hata wanafunzi wetu: oksidi ya indiamu na zinki haina fuwele kabisa na bado inafanya kazi safi. Elektroni zake zinapita kwenye obiti za indiamu ambazo ni kubwa na za duara, zinagusana hata kama atomi zimepinda huku na kule. Kwa skrini za plastiki ambazo hazivumilii joto kali hiyo ni nafuu kubwa, maana ITO inahitaji joto ili ijipange, na ikishakuwa na fuwele ukiikunja inapasuka, na ufa mmoja unaharibu hesabu zote za fuwele.

Kwahiyo ukiletewa namba ya ukinzani uliza kwanza unene. Utando wa ohmu-sentimita 2×10⁻⁴ ukiwa nanomita 150 unasoma kama ohmu 13 kwa kila mraba (yaani ukinzani wa kipande cha mraba cha utando, unaotegemea unene), ukiwa nanomita 50 unasoma 40, na fuwele ni zilezile. Kisha pima kwa njia ya Hall, yaani kwa kutumia uga wa sumaku, ujue elektroni ni ngapi na zinaenda kwa wepesi gani, maana ukinzani peke yake haukwambii kipi kati ya hivyo viwili ndo kimebadilika.