Kabla Hujanunua Vaisi: Vifaa vya Kufunga Nzi Bandia

Anayetaka kuanza kufunga nzi bandia huniuliza swali lilelile: ninunue vaisi gani, yaani kile kibanio cha mezani kinachoshika ndoana? Namwelewa. Vaisi ndiyo inayoonekana kwenye picha, inang'aa, ina skrubu na mkono wa kuzungusha, na bei yake inatosha kumfanya mtu aamini kwamba ufundi wote umo ndani yake. Mimi humrudishia swali: una uzi gani? Wengi hunyamaza hapo.

Kwa wasomaji wapya, nzi bandia ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya, nywele, uzi au waya mpaka ifanane na mdudu, buu wake, au kisamaki. Ni mwepesi mno kurushwa kama chambo cha kawaida, kwa hiyo mvuvi hurusha kamba nene yenye uzito wake, na nzi akaburutwa nyuma yake. Samaki anayesakwa zaidi ni trauti, ambaye si mwenyeji wa Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakapandwa mto Gura kule kwenye milima ya Aberdares. Upande wetu wa magharibi trauti wamo Kiptiget na Itare, mito ya Kericho ambayo maji yake huishia Sondu, na katika mito baridi ya Mlima Elgon. Kisumu ninakoishi, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ni ya joto mno kwao.

Hata hivyo nzi wengi wanaovulia trauti Ulaya na Marekani wamefungwa na mikono ya Wakenya. Kazi hii imekuwapo nchini kwa miongo mingi: karakana zenye meza ndefu, wafungaji wengi wao akina mama, malipo kwa dazeni. Wengi wa mafundi hao hawajawahi kushika fimbo ya kuvulia. Mimi nilijifunza ufundi kwenye meza ya aina hiyo kabla ya kuujua mto, na ninayoyasema hapa yanatoka mezani zaidi kuliko mtoni.

Mama aliyekuwa akikagua kazi yetu hakuwa na haja ya kumtazama nzi. Alimshika, akamsukuma bawa kwa ukucha wa kidole gumba, na bawa likizunguka shina la ndoana humsikii akigombana. "Baba, uzi wako umelala," anasema, kisha anamtupa kwenye kopo. Dazeni imepungua moja na hulipwi.

Uzi uliolala ni uzi uliolegea. Ndani ya nzi bandia hakuna gundi inayoshika kitu, isipokuwa tone moja kichwani mwisho wa kazi. Vyote vimeshikwa na mkazo wa uzi juu ya chuma. Mzunguko mmoja ukilegea, ile iliyo juu yake haina pa kuegemea, na baada ya kurushwa mara kadhaa mkia huhama, mwili huteleza, manyoya hufumuka. Kwa hiyo unachojifunza kwanza ni kiasi gani uzi wako unaweza kuvutwa kabla haujakatika, halafu ufanye kazi karibu na kikomo hicho kila mara. Ninawaambia wanaoanza wafunge uzi kwenye ndoana tupu na kuuvuta mpaka ukatike, tena na tena, bila kutengeneza chochote. Wanaona ni upuuzi. Baada ya jioni moja vidole vimeshajua.

Uzi wa kushonea nguo haufai. Ni mnene na unajaza kichwa cha nzi haraka. Uzi wa kazi hii hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Denia 70 inatosha kwa nzi wengi wa trauti. Denia 140 ni ya nzi wakubwa, na kwa kubana nywele za paa au kulungu zisimame utahitaji uzi wa aina ya poliethilini ambao unaweza kukukata kidole kabla haujakatika wenyewe. Watengenezaji wengine bado wanatumia alama za sufuri, 6/0 na 8/0, ambapo tarakimu ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Alama hizo hazilingani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo tafuta denia kwenye kibandiko.

Jambo moja halielezwi vya kutosha. Kila unapouzungusha uzi kwenye shina, unaongeza msokoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia, uzi unazidi kujisokota kuelekea mwendo wa mshale wa saa, unakuwa wa mviringo kama kamba, na unajenga vilima. Ukitaka ulale bapa, iache bobini, kile kishikio cha uzi, ining'inie na uizungushe kinyume cha saa. Ukitaka ukaze sehemu moja kama kamba, izungushe upande wa pili. Nzi mdogo wa ndoana namba 18 anayeonekana safi kichwani amefungwa na mtu anayejua hilo, hata kama vaisi yake ni ya mbao.

Bobini ndiyo kifaa cha pili kwangu kwa umuhimu. Ni miguu miwili ya waya inayobana kigurudumu cha uzi, na mrija unaoutoa uzi nje. Miguu ikibana sana uzi unakatika, ikilegea uzi unakimbia. Unaipinda kwa vidole tu mpaka uzi utoke kwa shida kidogo na bobini isishuke yenyewe inapoachwa. Kinachoharibu bobini za bei ya chini ni mdomo wa mrija. Chukua kipande cha pamba, kipitishe mdomoni, uzungushe. Nyuzi za pamba zikinasa, kuna ukali pale na utakukatia uzi mpaka uchukie kazi yenyewe. Msasa laini uliosokotwa ndani ya mrija hutibu nyingi. Mrija wa kauri hauna tatizo hilo, na kama una pesa ya kutumia ovyo, itumie hapo. Nimeona bobini nzuri sana zilizopindwa na mafundi wa jua kali kutoka spoku za baiskeli. Spoku ina unyumbufu kamili.

Sasa ndoana, kwa sababu hapo hakuna cha kuokoa pesa. Namba zake hushuka kadiri ndoana inavyokua: namba 18 ni kama punje, namba 8 ni ya nzi mnene, hadi namba 1, kisha zinageuka kuwa 1/0, 2/0 na kuendelea, sasa zikipanda pamoja na ukubwa. Kwa mbuta, yaani sangara wa Ziwa Victoria, tunafikia 4/0 na zaidi. Mustad ya Norway, Partridge yenye asili yake Redditch, Uingereza, na Tiemco ya Japani ni majina ninayoyaamini. Ndoana zisizo na jina, zinazouzwa kwa pakiti kubwa, nyingine ni laini zinanyooka na samaki akiwa juu yake, nyingine zinavunjika kama kibiriti. Kipimo changu kinafanyika kabla ya uzi kugusa chuma: ule mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha, unaozuia samaki kuchomoka, ninaukandamiza kwa plaiasi. Ndoana mbovu inavunjika hapohapo, kabla hujaipa nusu saa ya maisha yako. Na ndoana isiyo na mwiba humtoka trauti anayerudishwa majini bila kumchana, na hukutoka wewe sikioni upepo ukigeuka.

Tukija kwenye vaisi, kazi yake ni moja: kushika ndoana isitikisike. Inayozunguka hukusaidia kuona upande wa pili na kuvingirisha waya upesi, ni raha, si lazima. Cha kutazama ni meno. Waya wa ndoana ni chuma kigumu, na meno ya chuma laini huchimbwa kijito na ndoana chache za kwanza. Kuanzia hapo ndoana ndogo zinachezacheza milele. Ukiamua kutengenezewa, usimwachie fundi atumie nondo. Mpe tupa iliyochakaa au kipande cha springi ya lori. Aikate na kuichonga kwanza, kisha aichome mpaka iwe nyekundu na kuizima kwenye mafuta, halafu aisafishe na kuipasha tena polepole mpaka uso wake ugeuke rangi ya manjano ya nyasi kavu, nyuzi 200 na kitu hivi za selsiasi. Akiiacha bila hatua hiyo ya mwisho, meno yatakuwa magumu lakini yatameguka. Mafundi wengi wa jua kali hapa Kisumu wanaijua kazi hii kutokana na patasi. Waeleze tu ni patasi mbili ndogo zinazokutana.

Vingine nitavipitia haraka. Mkasi wenye ncha nyembamba, na mwingine mbovu wa kukatia waya. Kibanio cha manyoya: kile kikoleo cha meno ya mamba cha duka la vifaa vya umeme, kilichovikwa mpira menoni, kinafanya kazi. Fundo la kumalizia linafungwa kwa vidole, au kwa mrija mtupu wa kalamu. Vanishi ya kucha isiyo na rangi hufunika kichwa. Wanaopenda gundi inayoganda kwa mwanga wa urujuanimno wanaweza kujaribu kile kikurunzi ambacho wenye maduka hukagulia noti. Kinagandisha, ila taratibu, na tabaka liwe jembamba.

Manyoya yanahitaji maneno zaidi, maana kila mtu hudhani Kenya yenye kuku wengi hivi haina shida. Jogoo wa kienyeji ana manyoya mazuri ya shingo kwa nzi wanaozama: laini, mapana, yanapumua majini. Kwa nzi anayeelea ni hadithi nyingine. Huyo husimama juu ya ncha za vinyuzi vigumu, na jogoo wetu ana utando mwingi katikati ya unyoya unaonyonya maji. Jogoo wa manyoya marefu, magumu na yenye vinyuzi sawa ni matokeo ya miaka mingi ya kuchagua mbegu. Henry Hoffman wa Marekani alizalisha ukoo mashuhuri wa namna hiyo, na mwaka 1989 Tom Whiting akauchukua na kuuendeleza. Unyoya mmoja wa mgongoni mwa jogoo wa aina hiyo unavisha nzi kadhaa. Ni ghali, na sijaona mbadala wake wa hapa.

Kuna manyoya mengine laini yanayoitwa marabu, yanayotikisika majini kama kitu hai. Zamani yalitoka kwa korongo yule mwenye mfuko shingoni, ambaye hapa Kisumu amejaa kwenye majaa ya taka. Siku hizi ni ya bata mzinga tu. Usijaribu kumwokotea korongo unyoya. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu hata unyoya kuwa nyara, na kuwa nao bila kibali ni kosa.

Wenzangu wa jioni, kikundi kidogo cha mafundi wa zamani, walimu, mwendesha boda mmoja na daktari mstaafu, wanapenda kubishana juu ya nyenzo. Daktari ni wa jadi: manyoya ya mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kwale, na waya wa shaba, kama mlinzi wa mto Frank Sawyer alivyofunga pale mto Avon, Uingereza, akitumia waya huohuo badala ya uzi. Kijana wa boda anafunga nzi wa mbuta kwa nywele za kusukia kutoka saluni, nyeupe na kijani, shanga kichwani, urefu wa kiganja. Na mbuta wanamla. Kuhusu shanga namuunga mkono: tangsteni safi ina uzito wa karibu gramu 19 kwa sentimita moja ya ujazo, shaba ya njano kama 8.5 tu, na kwa mbuta aliye chini ya mawimbi tofauti hiyo ndiyo uvuvi wenyewe. Ila Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu, ina maji machafu na magugu. Kwa nzi ni afadhali visiwa vya Rusinga au Mfangano, ukiwa ndani ya mashua. Kusimama majini ufukweni ni kukaribisha kichocho, na kiboko hapigi hodi.

Ninachokiona cha ajabu zaidi hapa nyumbani ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo. Katika mawingu yale wamo ndugu wa karibu wa wadudu wanaoliwa na trauti wa mabwawa ya Uingereza, na mapupa yao, yaani wadudu hao kabla ya kutoka na mabawa, ndiyo tunayoiga kwa uzi mweusi na utepe mwembamba wa fedha, dazeni kwa dazeni, kuuzwa huko. Fundi wa Kisumu anayetaka kujua mwili uwe mwembamba kiasi gani hahitaji kitabu. Afungue dirisha taa ikiwaka.

Neno la mwisho kuhusu utunzaji, kwa walio karibu na ziwa. Ndoana zishike kutu kidogo tu zimekwisha, kwa hiyo weka kwenye kopo lao vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Manyoya mapya yasichanganywe na ya zamani kabla hayajaoshwa kwa sabuni, yakakauka kabisa, na kukaa kwenye friza siku kadhaa. Yatoe yapate joto siku moja au mbili, kisha uyarudishe, kwa sababu mayai ya vijidudu hustahimili baridi kuliko vijidudu vyenyewe. Na uyaweke katika kopo lenye mfuniko, lililoandikwa juu, ili wa jikoni asidhani ni kuku.