Kuzaa bila kuharakishwa

Wajawazito wengi wanaonijia mimi mkunga hapa Pemba wanataka jambo moja: kuzaa kawaida, bila dripu, bila kuchanwa. Mavyaa aliyewasindikiza naye ana lake: mtoto atoke upesi. Mambo hayo mawili hayakai pamoja, maana mwili usioharakishwa huchukua muda wake.

Mwanzo wa uchungu ndio unaowachosha watu. Mlango wa kizazi unalainika na kufunguka kidogo kidogo, na kwa mimba ya kwanza hali hiyo inaweza kuendelea siku nzima au zaidi. Ikiwa mimba haina tatizo, huo ni wakati wa kutembea uani, kulala, kula. Tende na maji, kama alivyoambiwa Bibi Maryam chini ya mtende, ni chakula kizuri cha uchungu hata leo. Sisi wakunga tulizoea kudai mlango ufunguke sentimita moja kila saa, na aliyechelewa akawekewa dripu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchungu wenyewe uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba mwendo chini ya sentimita moja kwa saa, peke yake, si sababu ya kumharakisha mtu. Kutoka hapo hadi sentimita 10, mzazi wa kwanza kwa kawaida hapitishi muda wa masaa 12.

Kinachoendesha kazi hii ni oksitosini, homoni itokayo kwenye ubongo. Hofu huiharibu. Mtu anatoka kwao na uchungu mzuri, anafika wodini penye taa kali na makelele, uchungu unapoa. Akiwa na mama yake au somo wake, yaani kungwi wake, wa kumshika mkono, mara nyingi hurudi bila dawa yoyote.

Sasa kile kikombe cha dawa ya mizizi wanachopewa wenye uchungu. Watu hukiita cha asili, lakini kikinywewa ili kuharakisha uchungu, hiyo ni dawa kama dripu, tena mbaya zaidi: dripu naweza kuifunga, kikombe kikishanywewa basi. Hakuna anayejua kipimo chake. Kizazi kikikaza mfululizo bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na kwa aliyewahi kupasuliwa kinaweza kupasuka pale penye kovu.

Mimi wakati wa uchungu unaweza kuniona nimekaa tu. Nasikiliza moyo wa mtoto kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Mapigo yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, namwacha na mwili wake. Apige magoti, achutame, alale ubavu. Kulala chali kunamfaa zaidi mkunga kuliko mzazi. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kikiwekwa penye njia ya uzazi husaidia kupunguza kuchanika vibaya. Kumkandamiza tumbo ili mtoto atoke, hapana, hata akitaka mavyaa.

Mtoto akishatoka nasubiri angalau dakika moja kabla ya kukata kitovu. Lakini kuna sindano moja sikubali kuiacha: oksitosini yuniti 10 pajani, zalio likiwa bado ndani. Damu inayomwagika baada ya kuzaa huua haraka, na humpata hata aliyezaa vizuri kabisa. Wanaotaka "bila sindano hata moja" huwa tunajadiliana sana hapa, na sioni haya kung'ang'ania.

Mwenye kovu la upasuaji, pacha, presha, au mtoto aliyetanguliza makalio, haya ya kusubiri nyumbani si yake. Aende spitali uchungu unapoanza tu. Vivyo hivyo anayetoka damu nyingi, au ambaye chupa imepasuka na maji ni ya kijani. Na kama unakaa kisiwani Kojani, patana mapema na mwenye chombo atakayekuvusha usiku, na nauli yake uiweke kando tangu mwezi wa nane wa mimba.