Je, wajua kwa nini vitabu vipya havikuwainua wanafunzi waliobaki nyuma?

Mwaka 1996 shirika la misaada la Uholanzi lilianza kugawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Shule zilizohusika zilikuwa 100, na kwa kuwa vitabu havikutosha wote kwa mara moja, kura ndiyo iliyoamua zipi zitangulie. Awamu ya kwanza zikapata shule 25. Walikuwapo pia wachumi watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, waliotaka kujua jambo dogo tu: mtoto aliyepata kitabu atafanya mtihani vizuri kuliko yule ambaye shule yake bado inasubiri zamu?

Kila mtu alidhani jibu analo tayari. Lakini matokeo yalipotoka, wastani wa alama haukusogea. Walipowatenganisha wanafunzi kwa alama walizokuwa nazo kabla ya mradi ndipo picha ikajitokeza. Waliokuwa juu tangu mwanzo walipanda zaidi, na waliokuwa chini walibaki palepale. Yaani msaada uliokusudiwa watoto wote ulipanua pengo lililokuwapo.

Sababu ilikuwa ndani ya vitabu vyenyewe. Viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa vijijini kule ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Tena viliandikwa kwa kufuata mtaala uliomlenga mtoto anayeelekea sekondari. Wengi walishindwa kuvisoma. Mtoto anayesoma silabi kwa kidole hana la kufanya na aya ya sayansi yenye mistari kumi na miwili, hata kitabu kikiwa chake peke yake.

Utafiti mwingine wa miaka hiyohiyo, na wa eneo hilohilo, ulijaribu chati za kutundika ukutani. Alama hazikubadilika. Mwaka 1998 shule 75 za Busia zikaingizwa kwenye mradi wa dawa za minyoo, na utoro ukapungua kwa takribani robo. Hayo ni mafanikio makubwa kwa dawa ya bei rahisi. Ila kwenye mtihani, watoto waliohudhuria zaidi hawakuonyesha tofauti.

Basi tatizo liko wapi? Tuangalie jinsi silabasi inavyokwenda. Mwalimu wa darasa la tatu ana mada za darasa la tatu, ana mratibu anayemuuliza amefika wapi, na mbele yake kuna upimaji wa darasa la nne. Aliyeshindwa kutambua herufi darasa la kwanza hakuna anayerudi kumchukua. Mwaka unaofuata somo limeshapanda ngazi nyingine naye yuko kwenye ileile, kwa hiyo pengo linakua kila Januari hata kama mtoto hajawahi kukosa shule. Uwezo, mpango uliopita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulianza kwa swali la namna hiyo: je, mtoto wa darasa la tatu anaweza kazi ya darasa la pili? Katika ripoti zake za mwanzo, chini ya theluthi moja ya wanafunzi wa darasa la tatu katika nchi hizo tatu waliiweza.

Kwa mwalimu mwenye darasa kama hilo, kipindi kimoja cha dakika arobaini kinamkuta na madarasa matatu ndani ya chumba kimoja. Anafundisha lipi? Kwa kawaida anafundisha wale wanaonyoosha mikono. Simlaumu, maana ndivyo mfumo unavyompima.

Fedha nazo zimejaribiwa, tena hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 asasi ya kiraia ya Twaweza iliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja kwenye akaunti. Nyingine hazikupata ruzuku, bali walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, hesabu au Kiingereza. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuwa imepandisha alama, ingawa fedha zilifika na zikatumika. Palipokuwa na ruzuku pamoja na bakshishi, alama zilipanda, na zilipanda kuliko ambavyo ungepata kwa kujumlisha matokeo ya kila kimoja. Fedha ilifanya kazi pale mwalimu alipokuwa na sababu ya kujali kama mtoto fulani, kwa jina lake, anajua kusoma. (Wazazi nao huwa na hesabu zao. Nchini Zambia na India, shule zilipopata ruzuku iliyotarajiwa, familia zilipunguza walichokuwa wakitumia kwa vifaa vya watoto wao.)

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilianza mwaka 2005, tena magharibi mwa Kenya. Shule 121 zenye mkondo mmoja tu wa darasa la kwanza zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba, na darasa likagawanywa mikondo miwili. Wastani wa watoto darasani ukashuka kutoka 82 hadi 44. Ungetegemea hapo tu neema imeingia. Lakini kwa watoto waliobaki na mwalimu wa serikali, kupunguziwa msongamano peke yake hakukuleta ongezeko la alama la kuaminika.

Tofauti ilikuja kwenye namna ya kugawa. Katika nusu ya shule hizo, watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa alama: wa juu huku, wa chini kule. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na walionufaika ni wa mikondo yote miwili. Hata watoto wa katikati kabisa, ambao alama moja au mbili ndizo zilizowapeleka mkondo wa juu au wa chini, walimaliza wakiwa sawa. Mwalimu wa mkondo wa chini hakuwa tena na wanyoosha mikono wa kumvuta mbele. Alianza na herufi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumfundisha kitu kingine.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Wazazi wetu wanakumbuka mkondo ulioitwa wa vilaza, na mtoto aliyebandikwa jina hilo darasa la kwanza huenda nalo hadi la saba. Pratham, shirika la India lililoanzia kwenye mitaa ya mabanda ya Mumbai katikati ya miaka ya 1990, liliikwepa hatari hiyo kwa kufanya makundi yawe ya muda. Mtoto anapimwa kwa karatasi moja: herufi, maneno, aya, hadithi. Kwa saa moja hivi kwa siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanaacha madarasa yao na kukaa na wenzao wa kiwango kimoja. Anayevuka anahamia kundi la juu, kisha saa ikiisha kila mmoja anarudi darasani kwake.

Vitabu havikutupwa, ieleweke. Kenya ilipoanzisha Tusome, programu ya kufundisha kusoma, mwaka 2015, kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili wa shule za umma alilengwa kupata kitabu chake, na usomaji ukapanda. Vitabu hivyo viliandikwa kwa kiwango cha mtoto anayeanza kusoma, mwalimu alikuwa na mwongozo wa kila somo, na maofisa wa elimu walifika darasani wakiwa na tableti kumwangalia akifundisha.

India ilionyesha pia mahali ambapo mambo hukwama. Huko Bihar, walimu wa serikali walifundishwa mbinu ya Pratham na kupewa vifaa vyake. Walipoitumia kwenye kambi za likizo, watoto walijifunza. Walimu haohao waliporudi shuleni na kupewa mafunzo na vifaa bila zaidi, hakukuwa na mabadiliko, kwa kuwa silabasi iliwasubiri. Haryana ikajaribu njia tofauti: serikali ya jimbo ilitenga saa hiyo kwenye ratiba rasmi, na wasimamizi wakatakiwa kwanza kufundisha wenyewe kwa siku 15 hadi 20 kabla ya kwenda kukagua wengine. Kusoma Kihindi kukapanda. Hesabu, ambazo programu haikuzipa uzito uleule, zilibaki zilipokuwa.