Aqua yako imefika kilomita laki tatu: utengeneze ama uachane nayo?

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya dashibodi, pembetatu nyekundu imewaka, na chini yake kaandika "fundi nimeambiwa betri kubwa imekufa, niuze gari ama nitengeneze?" Na mimi swali hilo huwa sijibu mara moja, kwanza nauliza langu: hiyo gari ishawahi kuchemsha?

Wengine hukasirika kabisa, wanaona nawazungusha. Betri na kuchemsha vinahusiana wapi? Basi wacha nieleze leo niwe natuma linki tu badala ya kupiga voisi noti za dakika saba kila siku.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Mombasa, na haibridi za Toyota, gari zenye injini ya petroli na mota ya umeme, ndizo zinanilisha, Prius na Aqua zaidi. Kitu nilichojifunza kwa miaka yote hii ni kwamba watu wanauza gari nzima kwa ajili ya betri, halafu hao hao wanamwaga pesa kwenye gari ambayo injini yake ishaungua zamani. Yaani wanaogopa kisichotisha.

Tuanze na betri manake ndiyo mnaiogopa. Betri ya Aqua ile ya kwanza, iliyotoka Japani mwisho wa 2011, ina moduli 20, yaani vipande 20 vilivyounganishwa, kila moja volti 7.2, jumla 144. Prius za kizazi cha pili na cha tatu zina moduli 28, jumla volti 201.6. Kila moduli ndani ina seli sita za volti 1.2 zimefuatana. Sasa fikiria mnyororo, pete moja ikilegea mnyororo mzima hauvuti, na kompyuta ikiona moduli zimeachana sana kwa volti inakuandikia kodi ya hitilafu P0A80, ile ambayo ukitafuta maana yake unaambiwa badilisha betri yote. Hapo ndipo mtu anashikwa na presha.

Lakini nikiifungua nini nakuta? Mara nyingi sana nakuta feni. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na inapumua kupitia kitundu hapo hapo kwenye kiti, abiria wanaweka mifuko, watoto wanamwaga biskuti, vumbi na manyoya yanaingia feni inaziba, betri inapikwa kwa joto la pwani mchana kutwa. Kitu kingine ni zile shaba zinazounganisha moduli, hewa yetu ya chumvi inazigeuza kijani, umeme unapita kwa shida na kompyuta inadhani moduli imekufa kumbe ni kutu. Nimewahi kurudisha gari barabarani kwa kusugua shaba na kusafisha feni, basi.

Ikiwa moduli kweli imekufa utaiona. Nzima ikipumzika inasoma kama volti 7.5 mpaka 8, iliyopoteza seli moja inashuka kama volti 1.2 chini ya wenzake, haifichiki. Kisha nazifungia balbu ya taa ya mbele moja moja kwa dakika mbili nione ipi inaporomoka. Na tafadhali usijaribu haya nyumbani kwa kuwa umetazama video, nyaya za rangi ya machungwa si za mchezo, unachomoa plagi ya usalama, unangoja dakika kumi kapasita zimwage umeme, na glavu ni zile za volti 1000 si za kuoshea vyombo.

Sasa hapa kuna mtego. Moduli moja ikifa, fundi wa bei rahisi atakuwekea moduli moja ya mtumba, gari inawaka, mwalipana, mwaagana. Miezi mitatu inakufa nyingine, unarudi. Halafu nyingine. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwanzoni na mteja wangu mmoja akarudi mara tatu, ya tatu hakuniamkia hata salamu, na alikuwa na haki yake. Moduli zote zimezeeka pamoja, ukitoa iliyokufa zilizobaki ziko kwenye foleni. Gari ikishapita kilomita 250,000 na betri ni ile iliyokuja nayo, ama uweke seti nzima iliyo mpya ama usiguse, hayo mambo ya kiraka wacha kwa tairi la baiskeli.

Na wale wa foleni ya feri Likoni mnisikize. Mkikaa pale nusu saa AC inavuma mmeweka gia ya N, betri inaisha, manake kwenye N haibridi ya Toyota haichaji betri kubwa hata injini ikinguruma. Weka P. Ni kitu kidogo lakini kimeniletea wateja wengi mno.

Haya, kuchemsha. Prius ya tatu, ya 2009 hadi 2015, ina injini ya 1800 na ina kile kimfumo kinachorudisha moshi kwenye injini ukiwa umepozwa. Kile kipoza moshi kinazibwa na masizi. Kikiziba, ndani ya silinda joto linapanda, halafu ongeza pampu ya maji ambayo ni ya umeme na yenyewe inazeeka, mwishowe hedi gasketi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda, inaachia. Dalili yake ya kwanza wengi hawaijui: asubuhi ukiwasha gari inatetemeka kama ina homa kwa sekunde chache halafu inatulia, unasahau. Maji yanapungua lakini chini hakuna tone. Ukiambiwa "ni plagi tu" na maji yanapungua, hama gereji.

Ukikamata mapema unasafisha kipoza moshi, unabadilisha pampu, mambo yanaendelea. Ukingoja mpaka ichemshe kabisa, hedi inapinda, na hapo fundi anaweza kuipeleka kusawazishwa akafunga gasketi mpya na bado isikae. Injini ya mtumba nayo ni bahati nasibu, hujui ilitolewa kwa gari iliyogongwa ama iliyochemsha kama yako.

Kwa hiyo mimi naamua hivi. Betri imekufa, injini haijawahi kuchemsha, hainywi oili: tengeneza, tena bila kukesha ukifikiria. Gari hizi hazina stata, hazina altaneta, hazina klachi wala mkanda ndani ya giaboksi, ni mota mbili na seti ya gia zilizoshikana muda wote, ndiyo maana zinafika kilomita laki nne bila kufunguliwa. Pedi za breki zenyewe zinakaa mpaka unasahau ulinunua lini. Injini imechemsha na betri nayo ina umri huo huo: achana nayo. Utalipa injini leo na betri kabla ya mwaka kwisha, na gari itabaki ile ile kuukuu.

Breki pia zisikilize, kwa Prius ya tatu hasa. Ukizima gari ukasikia pampu ya breki inakoroma kila baada ya sekunde chache na hujagusa chochote, ile inavujisha presha kwa ndani na kuibadilisha si pesa ya chai. Na mwili, kwa sisi wa pwani. Ingia chini ya gari na bisbisi, dunga chasisi, ikizama sina la kukushauri.

Honda msinifuate na haya, Fit haibridi ya 2013 hadi 2020 ina giaboksi ya klachi mbili na betri ya lithiamu, Honda yenyewe iliziita kurekebishwa zaidi ya mara moja kule Japani, hiyo ni hadithi nyingine na mimi sizigusi.

Sasa pesa. Mwezi uliopita nilikuwa na gari mbili kwa siku moja, zote betri. Ya kwanza Aqua ya kijana wa teksi za apu kutoka Bamburi, kilomita 310,000. Ya pili Prius ya mwalimu wa Likoni, kilomita 190,000. Ungeniuliza kwa mita tu ungesema ya kijana itupwe.

Kijana anaendesha kilomita 100 kwa siku. Aqua yake kwa mji inamla lita 5, gari ya petroli tupu ya ukubwa huo ingemla kama 8.3. Tuseme lita ni shilingi 180, anaokoa kama 600 kwa siku, siku 26 za kazi ni 15,600. Hata betri mpya ikimtoka 150,000 ndani ya miezi kumi imejilipa, na injini yake ni safi, anabadilisha oili kila kilomita 5,000 na risiti zote anazo kwenye mfuko wa nailoni. Tulitengeneza.

Mwalimu anaendesha kilomita 15, nyumbani shuleni basi. Anaokoa nusu lita, shilingi 90. Betri ya bei hiyo hiyo ingemchukua zaidi ya miaka mitano kurudisha. Na maji yalikuwa yanapungua, nilipomuuliza kuhusu ule mtetemo wa asubuhi akacheka, "ah hiyo ni kawaida yake." Nikamwambia mwalimu, uza, lakini mwambie mnunuzi ukweli.

Akaniuliza anunue nini. Hapo ndipo pagumu, manake Kenya gari ya kuagiza haifai kuzidi miaka minane, kwa hiyo ile bei aliyonunulia Prius yake zamani haipo tena. Atabaki na ya kuagiza ambayo itamtia kwenye mkopo, ama ya mkononi hapa hapa ambayo mwenziwe anaiuza kwa sababu anazozijua mwenyewe, na mita imerudishwa nyuma. Nikamwambia kwa kilomita 15 hata haibridi haihitaji, atafute kigari kidogo cha petroli, na kabla ya kumpa mtu pesa aniletee asubuhi na mapema injini ikiwa baridi. Broka akikwambia "nimeshaiwasha nikupashie moto" ujue kuna kitu.

Bado hajaleta. Prius iko hapa kwa ukuta, wawili wameshakuja kuiulizia na wote wameanza na betri.